Mtoto wa Watu

Swali lenyewe nimelichukia tangu nikiwa na meno ya utoto. "Je, mnajisikia mnapendwa?" Waliliuliza wageni wa misheni waliokuja na peremende, wakaliuliza waheshimiwa wetu waliokuja mikono mitupu baada ya Uhuru, na mpaka leo, nikiwa bibi mzima mwenye wajukuu, vijana wa semina hunikalisha kwenye kiti cha plastiki wakaniuliza lilelile, kwa kuwa wamesikia nililelewa kituoni. Huinamisha kichwa upande kidogo na kulainisha sauti, utadhani wananipima homa. Huwa nawajibu "Ndiyo" ili wamalize soda zao waondoke. Jibu refu hawana muda nalo, na mimi sijawahi kuwa na hamu ya kuwapa. Nimeliandika hapa kwa ajili ya nafsi yangu, na kama mmoja wao atalisoma, shauri yake.

Kituo chetu kilikuwa nje kidogo ya mji wa Singida, mahali penye mawe makubwa na upepo usiokoma. Kilikuwa cha misheni. Mama Mkuu wa kituo alikuwa mwanamke mrefu, mwenye viatu vya ngozi vilivyosikika kabla hajafika, na alitupenda kwa ratiba. Baada ya sala ya jioni tulijipanga mstari, akapita akitugusa vichwa mmoja mmoja, na kila kichwa kikaambiwa "Mungu anakupenda." Tulikuwa wengi na yeye alikuwa na haraka, kwa hiyo waliokuwa mwisho wa mstari waliguswa juujuu, na Mungu wao alitajwa nusu. Mimi nilijifunza mapema kuwahi mbele.

Wageni walipokuja tulifundishwa jibu siku moja kabla. "Ndiyo! Tunapendwa sana! Asante!" Kwa pamoja, kwa sauti, huku tumetabasamu. Aliyepaza sauti kuliko wenzake alitazamwa zaidi, na aliyetazamwa zaidi alipata peremende ya kwanza kuchaguliwa. Nilikuwa na koo la nguvu, kwa hiyo nilikuwa hodari wa kupendwa. Wageni walifuta machozi na kuniambia nina macho ya akili, kisha wakapanda gari lao, na jina langu hawakulikumbuka hata mpaka getini.

Na asante! Tulishukuru kwa kila kitu. Kwa uji, asante. Kwa kipande cha sabuni, asante. Kwa mafuta ya samaki tuliyomezeshwa huku tumezibwa pua, asante. Asiyeshukuru alirudisha kilichotolewa, akaomba upya, akapewa upya, akashukuru. Mpaka leo nikigongana na mlango nakaribia kuushukuru.

Kisha ikaja ile miaka ya kuhamisha watu kwenda vijijini. Huko juu wakaamua kwamba watoto wa taifa la kijamaa hawafai kufugwa kituoni kama kuku wa kizungu. Wakalelewe na wananchi, bega kwa bega. Walioamua walikuwa na watoto wao nyumbani, na sikusikia hata mmoja aliyempeleka wa kwake akalelewe na wananchi. Sisi tulipakiwa kwenye lori kwa mafungu. Nilikuwa na miaka kama kumi. Nilishushwa katika kijiji kimoja upande wa Ihanja, mimi na kitoto kingine cha kike cha kituoni, kidogo sana, chenye sikio lililokuwa likitoka usaha na pua isiyokauka. Sikupenda kuonekana nacho.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Watu walikuwa wametolewa kwenye tembe zao, zile nyumba za kuta nene na paa la udongo walizokaa pamoja na mifugo yao, wakapangwa kwenye mistari iliyonyooka ili viongozi wapate cha kuwaonyesha viongozi wengine. Waligongewa rimu ya gurudumu iliyoning'inia mtini kama kengele, wakaja mkutanoni na nyuso zilizokunjwa. Mwenyekiti wa kijiji akasimama. Alikuwa mtu wa tumbo, suti ya mikono mifupi imembana kwapani, na jembe alikuwa akilishika siku za kupigwa picha tu.

"Ndugu wananchi," akasema, "watoto hawa si wa mtu mmoja. Ni wa kijiji kizima!"

Watu wakainamisha macho. Baadaye nililiona shamba la kijiji kizima, mtama umemezwa na magugu, nikaelewa kwa nini.

Akasimama mzee mmoja, mwembamba, mwenye fimbo, akauliza kwa Kiswahili chake cha shida, "Wenyewe ni nani?"

"Wenyewe ni Serikali," mwenyekiti akajibu.

"Mmoja akifa?"

Mwenyekiti akakohoa. "Serikali itauliza."

Hapo nikaona watu wanatazamana na kuitikia kwa vichwa. Hotuba nzima haikuwaingia, lakini hilo liliwaingia mara moja, kwa sababu wale ni wafugaji. Kwao mwenye ng'ombe wengi hawaweki zizi moja. Huwagawa kwa marafiki na jamaa wa mbali, ili ugonjwa ukija usimmalize. Anayewekewa anakunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe si wake. Hauzi wala hachinji, na akimfia, anabeba ngozi na kwenda nayo kwa mwenyewe, aone kwa macho yake. Ng'ombe wa watu hutunzwa kuliko wako mwenyewe, kwa sababu wako akivunjika mguu unakula nyama na kunyamaza.

Yule mzee mwembamba ndiye aliyetuchukua. Akatusimamisha katikati ya mkutano, akatugeuza nyuma na mbele. Akainua mguu wangu na kuonyesha kovu la muundini. "Mnaliona? Amekuja nalo." Watu wakasema wameliona. Akashika sikio la yule mdogo, akawageuzia. "Na hili amekuja nalo." Wakasema sawa, nalo wameliona. Dada wa misheni aliyetusindikiza alikuwa amesimama kando ya lori akilia kwa furaha. "Tazameni anavyowajali!" alisema. "Anawakagua kama baba yao!" Akaondoka na lori akiwa na moyo mweupe kabisa. Sijawahi kukutana na mtu mpumbavu kwa dhati kama yule, na nimekutana na wengi.

Basi nikaingia nyumba ile. Palikuwa na yule mzee, tuliyemwita Baba, mkewe tuliyemwita Mama, na watoto wao watatu. Asubuhi niliwapa shikamoo zangu kwa magoti yote mawili, kama nilivyofunzwa. Nilitaka kitu kimoja tu, na nilikitaka kwa nguvu zangu zote: siku moja mtu akiuliza pale mlangoni "Huyu ni nani?", wamjibu "Ni wa hapa." Nilidhani nitakipata haraka, maana mimi ndiye niliyekuwa mtoto mzuri kati yetu wawili.

Tangu siku ya kwanza nilipewa sahani yangu peke yangu, ya bati, nyeupe, yenye ua la bluu katikati. Watoto wa nyumba walikula kwenye bakuli moja la mti, wakisukumana viwiko na kunyang'anyana mlenda. Mimi niliwekewa ugali wa uwele uliolainishwa vizuri, na maziwa yakiwepo nilipewa wa kwanza. Nilishukuru kila mara. "Asante, Mama." Mama naye alishtuka kila mara, kisha akanijibu taratibu, "Haya, karibu." Watoto walicheka. Pale kwao mtoto hashukuru kwa ugali, kama ambavyo hashukuru kwa kupumua, lakini mimi nilijua adabu, nao niliwaona washenzi.

Na Mama hakuwahi kunisemesha Kinyaturu. Wanawe aliwafokea Kinyaturu, akawatania Kinyaturu, akawatuma na kuwaapiza Kinyaturu tangu alfajiri mpaka moto unazimwa. Akinigeukia mimi alinyoosha mgongo na kutafuta Kiswahili chake, kile cha zahanati na cha mkutano wa kijiji, akanipa sentensi moja safi. "Umeamka salama?" "Umeshiba?" Niliposhika jiwe la kusagia uwele alinitoa pale polepole. "Acha, mama, utaumia." Nilipobeba mtungi kwenda kisimani alimpa binti yake, kwa sababu njia ilipita kwenye mawe na mimi ningeweza kuteleza. Nikikohoa tu, Baba alinipeleka zahanati kwa miguu, mwendo wa asubuhi nzima. Watoto wake wakikohoa walichemshiwa mizizi, wakanywa, wakapona au wakaendelea kukohoa.

"Usimguse huyo," majirani waliwaambia watoto wao tulipocheza. "Ni mtoto wa watu."

Yule mdogo alianza kama mimi. Naye aliwekewa sahani. Lakini hakuwa na akili ya kuitunza heshima yake. Baada ya muda mfupi alikuwa ameacha kusema asante, kwa sababu waliomzunguka hawakuisema, na kwenye bakuli la mti alijitosa mwenyewe, mikono yote miwili, na watoto wakampiga viwiko naye akawarudishia. Sahani yake ikapewa kuku wanywee maji. Alishinda nyuma ya Mama kama mkia, akimshika nguo, akimkwaza, akifukuzwa, akirudi. Alipojifunza kuongea vizuri aliongea Kinyaturu, na Kiswahili kidogo alichokuja nacho kilimtoka kama meno ya utoto. Aliiba karanga za mbegu. Akatumwa kuni, akatumwa moto kwa jirani, akapewa mbuzi wa kuchunga akiwa hajafika hata urefu wa mbuzi. Nyayo zake zikapasuka kama za wenzake. Nilimdharau. Nilijiambia kwamba wamemwona hana thamani, ndiyo maana wanamtumikisha, na kwamba mimi ndiye wanayempenda.

Ulikuja mwaka wa njaa, mvua zilikata kabisa. Tulikula unga wa njano wa msaada, na ng'ombe walikonda mpaka maziwa yakawa ya kuhesabu matone. Matone hayo nilipewa mimi. Watoto wa nyumba walinitazama nikinywa, na yule mdogo alikuwa kati yao, akinitazama kama wao, akimeza mate kama wao. Mama hakuwa akinitazama nikinywa. Alikuwa akitazama mlangoni, utadhani mwenyewe angetokea wakati wowote kuja kuangalia kama mbavu zangu zinaonekana.

Nadhani ni wakati huo nilipoanza kuichoka ile sahani. Siku moja niliiacha pale ilipo, nikaenda kuchuchumaa kwenye bakuli la mti na kutia mkono. Watoto wakaacha kula. Hawakuninyang'anya wala kunisukuma, waliondoa tu mikono yao na kunisubiri nimalize. Mama akasema, kwa Kiswahili, "Chakula chako kile pale, mama." Nikarudi kwenye ua langu la bluu. Nikala ugali wote, na nilipomaliza nikasema asante. Sikujua kusema kitu kingine.

Mvua zilirudi, na maziwa nayo, na haukupita muda mrefu yule mdogo akavunja kibuyu cha kusukia maziwa. Kibuyu cha namna ile kinafukizwa na kuzoezwa kwa miaka mpaka maziwa yakikubali. Kukivunja si mchezo. Mama alimfukuza na mwiko kuzunguka nyumba nzima, akipaza sauti mpaka mistari yote ya kijiji ikatoka nje kutazama. Sikuelewa maneno yote, ila nilisikia ukoo mzima ukitajwa, ukoo wa Mama mwenyewe, wa baba yake na wa bibi zake, kana kwamba uzembe wa kitoto kile umetoka huko kwao. Akamkamata, akamchapa, kitoto kikalia kwa kishindo, na baada ya muda nikakikuta kimelala mapajani mwa Mama, kamasi zimejaa kwenye kanga, naye anachambua uwele juu ya kichwa chake kama vile hakuna kitu. Sisifii mwiko. Nimefundisha shule miaka mingi na fimbo nimeichukia miaka hiyo yote. Lakini wivu ulionikaba mchana ule sijawahi kuupata tena, si kwa mali wala kwa mwanamume.

Kesho yake nikachukua kibuyu kilichobaki, nikasimama mbele ya Mama, nikakiachia. Kilipasuka vipande vitatu na maziwa yakaenda mpaka miguuni pake. Nilisubiri, macho nimeyafumba kabisa.

"Pole," Mama akasema kwa Kiswahili. "Hakijakuumiza?"

Akaleta ufagio. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama, lakini aliimeza hasira yake yote kama dawa, akafagia na kunisogeza miguu ili nisikanyage vipande. Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia kwa hasira mpaka nikatapika.

Mambo yalikuwa hivyo pale gari la wilaya lilipokuja. Huko juu walikuwa wamebadili mawazo tena, kama kawaida yao. Walikuwa wamegundua kwamba baadhi ya wananchi hawawalei vizuri watoto wa taifa, kwa hiyo kituo kikafunguliwa upya mjini, sasa cha Serikali, na ofisa wa ustawi akawa anapita vijijini kutafuta wanaoteseka ili awakusanye. Alikuwa kijana, ametoka kusoma karibuni, ana mkoba na miwani, na kila alichokiona alikipa jina la kitabuni. Aliketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, kwa uangalifu, akiogopa vumbi la suruali. Mwenyekiti alisimama nyuma yake akimfukuzia nzi. Wazee wa jirani walikuja nao wakakaa, kwa sababu gari likija watu hukaa.

Nilitolewa wa kwanza. Mama alikuwa ameniogesha, amenipaka mafuta ya ng'ombe mpaka nang'aa, amenivika gauni la sikukuu. Ofisa akainamisha kichwa upande. Akalainisha sauti.

"Je, binti, unajisikia unapendwa hapa?"

"Ndiyo," nikasema. "Napendwa sana. Asante."

Alifurahi mno. Akawaonyesha wazee mashavu yangu, meno yangu, Kiswahili changu. Akasema mimi ni mfano. Kisha akamtaka yule mdogo. Alikuja akikimbia kutoka kwa mbuzi, pumba kwenye nywele, gauni limechanika begani, mwiba umemwingia kidoleni na bado hajautoa, na kwenye mguu alama ya fimbo ya juzi. Ofisa akamuuliza lile swali. Hakulielewa. Akamtazama Mama, Mama akamfokea Kinyaturu kwa sababu hakusalimia, naye akasema "Shikamoo" haraka haraka na kujificha nyuma ya nguo za Mama.

Ofisa akavua miwani. Uso wake ulikuwa wa huzuni na pia wa mtu aliyepata alichokuja kukitafuta.

"Imeonekana wazi," akasema. "Mkubwa anapendwa. Huyu mdogo hapendwi, amepuuzwa, na anapigwa. Mkubwa atabaki hapa. Mdogo nitaondoka naye leo."

Moyo uliniruka. Ukubwa wa ujinga wake niliuona palepale, mtoto mdogo kama mimi niliuona, na niliushukuru. Nilijua ameyasoma mambo juu chini. Lakini kosa lake lilikuwa linaniacha pale, na yule mdogo akiondoka pengine bakuli lingekuwa na nafasi, pengine Mama angebaki na mikono mitupu akanifokea mimi. Sikumwonea huruma yule mdogo hata chembe.

Baba alikuwa ameketi na wazee wenzake. Akainuka, akaegemea fimbo yake.

"Bwana, ngoja kwanza," akasema. "Mlituletea wawili, mimi nikachunga. Mkubwa huyu hapa. Umemwona. Mzima, na kovu ni lile alilokuja nalo, mashahidi wapo hapa. Hata mwaka wa njaa hakulala njaa. Huyo ni wa kwenu, mchukue. Lakini mchungaji naye ana haki yake. Mtu akikuchungia ng'ombe wako vizuri, siku unakuja kuwachukua unamwachia mtamba mmoja, awe wake kabisa. Mimi sijaomba kitu tangu walipokuja. Leo naomba. Naomba huyu mdogo."

Wazee wakaitikia kwa pamoja, taratibu, kama watu waliosikia jambo la haki.

Ofisa alikuwa ametoa macho. "Mzee! Mtoto si ng'ombe!"

"Najua," Baba akasema. "Ndiyo maana naomba mmoja tu."

"Lakini huyu hamumpendi! Tazama miguu yake!"

Baba akaitazama miguu ya yule mdogo, kisha ya wanawe watatu waliosimama ukutani, yote imepasuka vilevile. Mama aliinama, akamvuta yule mdogo kwa mkono, akamtupia mgongoni na kumfunga kwa kanga, ingawa alikuwa amekua na miguu yake ilining'inia karibu na magoti ya Mama. Akasimama hivyo, amemtazama ofisa usoni, mwanamke ambaye kwa kawaida hakumtazama mgeni usoni.

Nikaona mambo yananiponyoka. Nikasogea katikati, mbele ya watu wote, nikasema kwa Kiswahili changu chote cha kituoni, "Naomba kubaki. Tafadhali, Baba. Nataka kubaki hapa."

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Alinitazama kwa upole, na sina budi kusema ulikuwa upole wa kweli. Kisha akamgeukia ofisa.

"Unamsikia anavyoongea vizuri?" akasema. "Huyu atawafaa sana huko mjini."

Mwenyekiti akamnong'oneza ofisa sikioni, maana alikuwa na hofu na wazee wale kuliko alivyokuwa na hofu na wilaya. Ofisa akatazama jua, akatazama saa. Alikuja kuchukua mtoto mmoja na alikuwa anapewa mtoto mmoja. Kitanda kilichokuwa kikingoja mjini kingelaliwa, na yeye angekuwa na cha kuwaambia wakubwa wake. Nadhani hata alijiona mwenye hekima. Akafunga mkoba.

Sikuwa na mizigo. Mama aliingia ndani akatoka na kanga safi kiunoni, Baba amevaa koti lake la mkutano, watoto wamenawa nyuso. Walinisindikiza wote mpaka kwenye gari, polepole, Baba mbele, kama wanavyosindikizwa watu wa heshima. Yule mdogo hakuwepo. Ndege walikuwa wameingia kwenye uwele, na alikuwa ameshashushwa mgongoni na kutumwa kuwawinga. Nilimsikia huko shambani akipiga debe na kupiga kelele za Kinyaturu kwa sauti ambayo hakuwa nayo alipokuja.

Nilipanda kiti cha nyuma. Baba akanipa mkono, wa kulia, ameushika kiwiko kwa mkono wa kushoto. Mama akaniwekea mapajani kifungu cha karanga za kukaanga na jogoo aliyefungwa miguu, jogoo mkubwa, yule bora wa nyumba. Nilimtazama. Nilikuwa bado nasubiri kitu kutoka kwake, nafikiri, hata tusi. Alinyoosha mgongo, akatafuta Kiswahili chake, akatabasamu vizuri.

"Haya, safari njema," Mama akasema. "Karibu tena."